Joto la Diski Tisini na Sita

Jua la miaka ya Pazia halikuwa likichomoza. Lilijitokeza tu, taratibu, kama mgonjwa anayejikokota hadi mlangoni kuona nani amebisha hodi, kisha likabaki pale juu ya vilima vya Ikelamwali, jeupe, halina makali wala maringo. Lusungu Tweve aliliona kupitia dirisha la Ghala la Sauti saa moja na nusu asubuhi. Kilichomshtua hakikuwa jua. Kilichomshtua ni dirisha lenyewe. Lilikuwa wazi.

Alitazama la pili. Wazi. La tatu. Wazi. Madirisha yote kumi na mawili ya upande wa mashariki yalikuwa yameachama, na upepo wa mwezi wa sita ulikuwa ukiingia humo ndani kama mgeni aliyealikwa kwa kadi.

"Mama Ndelwa!"

"Kamwene, Mama Ombeni," ilijibu sauti kutoka nyuma ya rafu. Ezelina Ndelwa, mkuu wa Ghala, alitokea na kitambaa chake cha kufutia vumbi, koti la sufi limemfika magotini. "Kelele za nini? Unajua wanangu hawapendi kelele."

"Shikamoo, mama. Nani kafungua madirisha?"

"Si mimi? Kama kila s..."

Neno lilimkatikia mdomoni. Alitazama madirisha, akatazama mkono wake wa kulia, kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyerudishwa nyumbani na mgambo.

Kwa miaka kumi na tisa adui wa Ezelina Ndelwa alikuwa joto. Wakati wa Kiangazi Kikuu, maghala ya miji ya chini yalipoungua moja baada ya jingine, yeye ndiye aliyesimama katika ukumbi huu akipepea rafu kwa vipande vya maboksi hadi viganja vikachubuka, na kila alfajiri aliufungulia ukumbi ubaridi wa milima kabla jua halijapata akili. Ghala lilisalimika. Kisha, miaka minne iliyopita, mataifa yakapeleka angani vumbi laini kuliko unga wa sembe, likatandwa juu kabisa kulirudisha jua kidogo lilikotoka. Wakaliita Pazia. Watu wa miji ya chini wakapumua. Huku juu, ambako bibi zetu waliijua theluji ya majani, ile barafu nyembamba ya alfajiri, kwa wiki moja au mbili za mwaka, sasa ilikuwa ikija mwezi wa tano na kukaa hadi wa tisa. Kichwa cha Ezelina kililijua hilo vizuri sana. Mkono wake ulikuwa bado haujaambiwa.

Walifunga madirisha mbio mbio, huyu akianzia huku na yule kule. Lusungu alipofika la mwisho, alihisi kitu kingine. Kwa kawaida ukumbi ule ulivuma. Ulivuma kama mzinga wa nyuki wenye heshima zao, mchana na usiku, hata wageni wakiingia hushusha sauti bila kuombwa. Sasa mvumo ulikuwa na pengo, kama kinywa kilichong'oka jino.

Aliweka kiganja kwenye Safu ya Tisa ya diski. Kimya.

"Imelala," alisema. "Paneli za sola zimeshika barafu, betri zimeshuka, mtambo umeilaza Safu ya Tisa ili nyingine ziendelee."

"Kulala si kitu. Zimeshalala huko nyuma."

"Zililala kwenye ukumbi wenye joto, mama." Alikisogelea kipimajoto cha safu. "Nyuzi kumi na moja."

Ezelina akaketi juu ya ndoo.

Kuna haja ya kueleza diski ni kitu gani, kwa maana watoto wa leo wanaona sanduku la bati lenye ukubwa wa kiganja na kudhani ni zito bure. Ndani mna mabamba yanayong'aa kuliko kioo, yakizunguka mara mia na ishirini kwa sekunde moja. Juu ya kila bamba huruka sindano. Hairuki juu sana: unywele mmoja wa mtoto ukiulaza pale, ni mlima. Sindano haigusi, haisimami, inasoma tu, na katika kusoma huko ndimo anamotoka mtu aliyekufa zamani akimwita mbuzi wake kwa jina. Joto likizidi, mabamba hutanuka na sindano hupotea njia. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba baridi nayo inaua. Mafuta ya kitovu huganda kama samli, sindano hulala juu ya bamba na kunata hapo. Diski changa huvumilia. Hizi za Ikelamwali zilikuwa na miaka thelathini na moja. Zilimzidi Lusungu kwa miaka saba. Zilipenda nyuzi thelathini na tano hadi arobaini, na zikishinda chini ya kumi kwa saa tatu au nne, haziamki tena.

Umeme wa gridi ulikuwa ukifika huku saa nane mchana. Saa hiyo ilikuwa mbili kasoro.

"Tuna tangi," Ezelina alisema, akisimama. Rangi ilianza kumrudia. "Mungu ni mwema. Tuna tangi."

Tangi lilikuwa chini ya sakafu. Joto ambalo diski zilitoa mchana kutwa lilibebwa na maji ya mabomba na kuhifadhiwa humo, na asubuhi hii kipimo chake kilisema thelathini na tisa. Palikuwa na koki mbili. Ya kushoto ilirudisha maji kwenye rafu. Ya kulia ilivuka uwanja hadi wodi ya watoto njiti, jengo lile la paa la kijani, na kila asubuhi ya baridi hiyo ndiyo iliyokuwa wazi.

"Funga ya kulia, fungua ya kushoto," Ezelina alisema. "Maji yanatosha upande mmoja tu hadi saa nane."

Lusungu hakusogea.

"Mama Ombeni. Sheria unaijua. Diski kwanza."

Aliijua. Alijua pia kilichomo katika Safu ya Tisa: watu elfu arobaini na moja wa visiwa na delta ambazo maji ya chumvi yalizimeza. Kabla ya kuhama, kila mmoja alipewa saa nzima na kinasa sauti, aseme apendalo. Wengine waliimba. Wengine walieleza mipaka ya mashamba ambayo sasa ni ya samaki. Mmoja alikaa kimya saa nzima, na ukimya wake umehifadhiwa vilevile. Nakala nyingine zote ziliungua katika Kiangazi Kikuu. Kulikuwa na lugha mbili humo ambazo hapakuwa tena na kinywa cha kuzisema.

"Nipe nusu saa," alisema. "Nikawaone wodini."

"Ukaone nini? Ukienda utarudi na huruma, na huruma haina koki."

"Nusu saa, mama yangu. Nakuomba."

* * *

Wodi ilikuwa na harufu ya maziwa na dawa ya kusafishia sakafu. Nesi Gwantwa alimpokea mlangoni na kumtazama kifuani kabla ya kumsalimu.

"Mwenzangu, unavuja."

Lusungu akajifunika kwa kitenge. Ombeni wake alikuwa na miezi saba, yuko nyumbani kwa bibi yake, lakini maziwa hayaulizi mtoto ni wa nani. Mmoja analia tu, nayo yanaitika.

Alieleza kwa haraka. Gwantwa alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akamshika mkono na kumwingiza ndani, kwa sababu kuna mambo ambayo nesi haelezi, anaonyesha.

Watoto walikuwa tisa. Sita walikuwa vifuani mwa mama zao, wamelazwa ngozi kwa ngozi na kufungwa kwa mbeleko, vichwa vyenye kofia za sufi vikichungulia kama vifaranga. Mama mmoja alikuwa akisinzia, na mtoto wake alipanda na kushuka na pumzi yake. Hao sita hawakuhitaji bomba. Waliobaki watatu walikuwa katika vitanda vya maji, vile vyenye godoro ambalo maji ya tangi huzunguka chini yake.

"Hawa hawabebeki," Gwantwa alisema. "Ona mirija. Ona ngozi. Yule wa mwisho ana gramu mia saba na tisini, mkate unamshinda. Nikimnyanyua leo, sitamrudisha."

"Jiko la mkaa?"

"Moshi utamfikia kabla ya joto."

"Mkikatiwa maji?"

"Dakika arobaini. Hamsini nikiomba sana."

Kando ya kitanda cha mwisho alikaa mwanamke aliyepitisha kidole kimoja katika tundu la kioo kilichokifunika kitanda. Mkono wa mtoto ulikuwa umekizunguka kidole hicho, wote, vidole vitano, na bado haukukimaliza. Mama huyo aliitwa Siwema. Alikuwa ametoka Lupila kwa miguu, na uchungu wa mimba ya miezi sita.

"Wewe ndiye wa maji?" aliuliza.

"Ndiye mimi, dada."

"Nimewasikia mnaongea mlangoni. Wanasema huko kwenu kuna watu elfu arobaini ndani ya mabati."

"Elfu arobaini na moja."

"Ni wazima?"

Lusungu angeweza kusema mengi. Alikuwa amefundishwa maneno mazuri ya kuwaambia wageni. "Walikuwa," alisema.

Siwema akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayeafiki bei ya haki. "Mimi wa kwangu ni mmoja. Siwezi kumshindanisha nao. Ila nilitaka umwone kabla hujaenda kufunga. Ili usije ukafunga kitu ambacho hukukiona."

Hakulia. Angelia, Lusungu angejua la kufanya. Akainama na kutazama. Mtoto alikuwa mwekundu, ngozi yake ikiruhusu mishipa ionekane kama mito kwenye ramani, na kifua chake kilikuwa kikifanya kazi kubwa kuliko kazi yoyote aliyowahi kuona ikifanywa na mtu. Kila pumzi aliichukua kana kwamba ameigundua yeye. Lusungu alisahau kuwa amesimama. Kitu kama hiki, alifikiri, kitu kidogo namna hii, na bado kimeshajua kazi yake.

Juu ya kitanda palikuwa na tarakimu za kijani. Thelathini na sita na nusu.

Alizisoma, akazisoma tena. Akageuka kuwatazama wale sita vifuani. Akatazama tena tarakimu.

"Gwantwa," alisema. "Kifua cha mtu kina nyuzi ngapi?"

"Si hizohizo? Thelathini na tano, na sita. Ndiyo maana tunawabeba. Mungu alipotengeneza kifua hakuhitaji mtambo mwingine."

Thelathini na tano hadi arobaini. Miaka mitatu Lusungu alikuwa akiziandika hizo tarakimu kwenye ubao wa Ghala kila asubuhi, na miezi saba hii akimlaza Ombeni usiku juu ya tarakimu hizohizo, na hata siku moja hakuzikutanisha. Watu waliozibuni zile diski katika nchi za mbali, je, walijua? Au ndivyo ilivyo tu, kwamba kitu chochote kinachokumbuka, kiwe cha nyama au cha bati, kinataka joto lilelile?

"Wasiobebeka wapewe maji," alisema kwa sauti, akianza kurudi kinyumenyume. "Wanaobebeka wabebwe."

"Nani wanaobebeka?" Gwantwa aliita, lakini mlango ulishajifunga.

* * *

Ezelina alikuwa chini ya sakafu, mkono wake juu ya koki ya kulia. Hakuwa ameifunga. Hakuwa ameiachilia pia.

"Nyuzi kumi," alisema. "Umechelewa dakika nne."

Lusungu akamweleza. Alieleza vibaya, kwa pumzi fupi, akianzia mwisho.

"Subiri," Ezelina alisema. "Subiri, mwanangu, nielewe. Unataka diski ya taifa nimtie mtu kwenye sidiria?"

"Kwenye mfuko wa nailoni kwanza, mama. Ile ya mbegu, inayofunga mdomo. Tunatoa hewa yote, jasho lisiiguse na umande usijitunge ndani. Kisha kifuani, kisha mbeleko. Zimelala, hazina waya, haziruki sindano. Zinahitaji joto tu."

"Hakuna diski iliyowahi kuvuka mlango ule tangu uwekwe."

"Hazitavuka. Watu ndio wataingia."

"Ikidondoka?"

"Imekufa."

"Mtu akikimbia nayo?"

"Itapata joto zaidi."

"Usinichekeshe, Lusungu, nataka kulia." Na kweli alikuwa analia, machozi yakimshuka bila uso kubadilika. "Nikifunga koki hii najua ninachookoa. Nina hakika nayo. Wewe unaniletea jambo ambalo halijawahi kujaribiwa na mtu yeyote, kwa vitu ambavyo haviwezi kurudiwa."

"Na ukiifunga unajua pia unachopoteza. Nimemwona, mama. Ana mkono hivi." Akaonyesha ncha ya kidole chake.

Maji yalipita ndani ya bomba, yakigugumia taratibu, yakielekea kulia.

"Kosa la madirisha ni langu," Ezelina alisema hatimaye. "Ningependa nisikosee mara mbili kwa siku moja. Tatizo sijui kosa la pili liko upande gani." Aliutazama mkono wake. Kisha akauondoa kwenye koki, akaufuta kwenye koti, kama aliyekuwa ameshika moto. "Mifuko ya mbegu iko stoo ya ushirika. Nenda. Kabla sijapata akili."

* * *

Ng'ambo ya barabara, katika uwanja wa ushirika, wanawake wapatao hamsini walikuwa wakipepeta maharage. Nyungo zilikuwa zikipanda na kushuka, makapi yakipeperuka, na midomo haikupumzika.

Lusungu akapanda juu ya gunia na kusema alichotaka. Nyungo zikasimama hewani.

"Hao watu wa ndani," aliuliza Bibi Twilumba, mzee mfupi mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine. "Wanakula?"

"Hawali, bibi."

"Wanalia?"

"Hapana."

"Wanakojoa?"

"Hapana, bibi."

"Basi hiyo si kazi ya kubeba mtoto, hiyo ni likizo." Akaweka ungo chini. "Twendeni, nyie! Mnasubiri kadi?"

Wakaja. Walikuja pia wapakizi wa magunia, wanaume kumi na wawili wenye vifua kama milango, na mmoja wao, Chelestino, aliyekuwa na maneno mengi kuliko mizigo, akatangaza kuwa yeye anataka mapacha. Kwenye ukumbi walivua viatu bila kuambiwa. Ezelina ndiye aliyezitoa diski, moja moja, kwa mikono miwili, akifunga kila moja katika nailoni na kuikandamiza hewa itoke. Kila aliyempa alimwambia maneno yaleyale: "Usiinamie. Usiipige. Usicheke sana."

"Usicheke sana!" Chelestino alilalamika. "Na huyu baridi yake inanitekenya!"

"Tayari ana mimba ya miezi minne," mtu akasema. "Muoneni anavyokaa."

Diski zilikuwa tisini na sita, watu hawakufika sabini. Wengine wakabeba moja mbele na moja mgongoni. Ilipobaki ya mwisho, Ezelina alimgeukia Lusungu, na Lusungu akajitazama kifua chenye mabaka ya maziwa.

"Mama, mimi nitaizamisha."

Vicheko vilizuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hata Ezelina alishindwa kujizuia. Akamfunga mgongoni, akakaza mbeleko mara mbili. Baridi ya lile bati ilimwingia Lusungu kati ya mabega hadi akauma meno. Lilikuwa kama jiwe la mtoni. Halikuwa na uhai wowote aliouhisi. Akaketi pamoja na wengine, mgongo wima, na kusubiri.

Saa tatu. Saa nne. Mzaha ulififia wenyewe, si kwa kuchoka. Kuna jambo huwapata watu wanapobeba kitu kinachopata joto kutoka kwao. Mwanamke mmoja alianza kuyumba, mbele na nyuma, bila kujua. Jirani yake akafuata. Baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa ukiyumba, watu wazima sabini kasoro, wapakizi na wapepetaji, wameviringisha mikono juu ya mabati, wakibembeleza hivyo bila wimbo. Chelestino alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, na Lusungu alipotega sikio alisikia kwamba anaieleza diski yake bei ya maharage.

Safu nane zilizokuwa macho zilivuma. Nje jua lilifika utosini likiwa jeupe kama kiini cha muhogo. Lusungu aliwatazama na kuona kitu ambacho hakuna kitabu cha masomo yake ya jioni kilichomwandaa kukiona: watu elfu arobaini na moja, waliofukuzwa na bahari, wamepakatwa.

Mgongoni mwake jiwe la mtoni halikuwa jiwe tena. Hakujua lilipoacha kuwa. Hakuweza kusema ngozi yake inaishia wapi.

* * *

Saa nane na dakika tatu taa ziliwaka. Vipasha joto vikaguna. Ezelina alisubiri hadi kipimajoto cha rafu kikafika thelathini na mbili, kisha akanyoosha mikono kwa Bibi Twilumba, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Diski ikaingia mahali pake. Palikuwa na mlio mdogo, tik, kisha kimya ambacho kila mtu alikisimamia kwa ncha za vidole. Kisha ikapanda, nyembamba, ikinenepa, sauti ya nyuki mmoja aliyerudi mzingani.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Twilumba alifunika mdomo kwa kiganja.

Ya pili ikaamka. Ya tatu. Chelestino akatoa mapacha wake na wote wakaamka, naye akageukia ukutani, akajifanya anafunga kamba ya kiatu wakati hakuwa na kiatu. Themanini na tisa ziliamka. Saba hazikuamka. Zilisema tik, tik, tik, kisha zikanyamaza.

"Sindano zimenata," Ezelina alisema. "Nilijua. Zile zilizokuwa karibu na dirisha."

"Zimenata vipi?" Bibi Twilumba aliuliza.

"Zimelala juu ya bamba, mafuta yameshika."

"Kama kokoto kwenye ungo uliolowa." Bibi alikuwa ameisogelea moja, sikio karibu. "Hiyo huitikisi, ukiitikisa unamwaga yote. Unaizungusha. Hivi." Akazungusha kifundo cha mkono hewani, mzunguko mfupi, mkavu, wa ghafla, ulioishia ulipoanzia. "Ungo unakwenda, kokoto inabaki nyuma. Inabanduka."

"Diski haichezewi, mama yangu."

"Mama, anasema kweli," Lusungu alisema. "Bati likizunguka ghafla, bamba litachelewa. Sindano itaachia."

"Au itachana bamba."

"Au itachana."

Ezelina aliitazama ile mikono ya mzee, mifundo yake mikubwa, maharage ya miaka sitini ndani yake. Akaitoa diski na kumpa. Bibi Twilumba aliilaza kiganjani, akafumba macho, akaizungusha mara moja tu. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba waliokuwa nyuma hawakuliona. Wakaiunganisha. Tik. Kisha ikapanda.

Akafanya ya pili, ya tatu, hadi ya sita, na kila moja iliimba. Ya saba ilikuwa ile ya Lusungu. Bibi aliizungusha. Akaizungusha tena. Mara ya tatu kukasikika ndani mkwaruzo mwembamba, kama ukucha kwenye kioo, na kila mtu mle ndani aliufahamu bila kufundishwa.

"Samahani, mwanangu," bibi alisema.

Lusungu akaichukua. Bado ilikuwa na joto lake yeye.

* * *

Siwema alikuwa palepale, kidole kilekile kwenye tundu lilelile. Tarakimu za kijani zilisema thelathini na sita na nusu. Kifua cha mtoto kilikuwa kikiendelea na kazi yake kubwa.

Lusungu akakaa kwenye kiti cha pili na kulaza diski mapajani. Alikuwa amekuja na karatasi pia, kurasa nane alizozichapa kutoka kwenye orodha ya Ghala.

"Tisini na tano zimepona," alisema. "Hii haikupona. Niliibeba mwenyewe."

Siwema alilitazama lile bati. "Ndani yake kulikuwa na wangapi?"

"Mia nne na ishirini na nane."

"Sauti zao zote?"

"Zote. Yamebaki majina."

Gwantwa alipita na trei, akasimama, hakuendelea. Mama wa karibu alimpakata wake vizuri na kugeuza kichwa asikie. Siwema hakutoa kidole chake. Lusungu akajua kwamba mtu huyu atakuwa akizipima pumzi za mwanawe kwa namba hiyo maisha yake yote, na kwamba yeye Lusungu angeweza kumficha namba hiyo, na hakumficha.

"Wasome," Siwema alisema.

"Wote?"

"Wote. Awasikie."

Lusungu akafungua ukurasa wa kwanza. Macho yalimjaa, herufi zikaogelea, akaanza kwa haraka, kama mtu anayetaka kupita mahali penye msiba.

Siwema akamgusa goti kwa mkono wake ulio huru.

"Taratibu, dada," alisema. "Huyu ana muda."